Kifungu Nilichokifunika

Nilikuwa karani mzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililomponza kijana wa Ebla, na sitaki mtu adhani aliponzwa na uzembe. Uzembe ungemwokoa.

Nilipelekwa Garissa mwanzoni mwa mwaka 1966, vita vya serikali na shifta, waasi wa upande ule, vikiwa vimepamba moto, niwe karani wa mahakama ndogo ya hakimu Kang'ethe. Karani aliyenitangulia alikuwa amefukuzwa. Mkaguzi alitoka Nairobi, akafungua kabati, akakuta masahihisho ya sheria ya miezi minne yamelala ndani ya bahasha bila kubandikwa. Siku hizo sheria ikibadilishwa hatukuletewa kitabu kipya. Tuliletewa kikaratasi chenye maneno mapya, upana sawa na ukurasa, nasi tukakibandika juu ya maneno ya zamani kwa gundi ya unga wa ngano, kisha tukaandika pembeni tarehe na herufi za majina yetu. Kitabu chetu cha kanuni za usalama kilikuwa na viraka kuliko suruali ya mtoto wa shule, kwa sababu Bunge halikuchoka kutunga na vita havikuchoka kuendelea.

Mimi nikajiapiza kwamba hakuna mkaguzi atakayenikuta na deni la kikaratasi hata kimoja. Bahasha ikiingia na msafara wa malori asubuhi, kufikia adhuhuri viraka vyote viko mahali pake, kingo zimenyooka, E.M. pembeni kwa wino mweusi. Elkanah Munyao. Wenzangu walinicheka, wakisema nitaoa kile kitabu nimwache mke wangu Loise kule Ukambani. Nilicheka nao, na moyoni nikajisifu.

Ebla alikuja mwezi wa saba. Alikuwa mama mtu mzima, mrefu, mkavu, mwenye shuka iliyopauka, na alikuwa ametembea kutoka upande wa Ijara akilala njiani mara nne. Hakuingia ofisini. Aliketi nje ya mlango kwenye jua, mpaka Yarrow akatoka kumuuliza shida yake. Yarrow alikuwa mkalimani wetu, askari mstaafu, mtu wa huko huko, na tangu vita vianze alikuwa amejifunza kusema maneno machache sana kwa lugha zote alizozijua.

Shida yenyewe ilikuwa mwanawe, Awil, kijana wa miaka ishirini na miwili. Watu wa upande wao walikuwa wameamriwa kukaa katika kijiji kimoja chenye uzio wa miiba, na kwa wanaume kutoka bila kibali lilikuwa kosa. Ngamia wao mmoja mwenye mimba hakurudi na wenzake. Awil akatoka kumtafuta. Askari wa doria wakamkuta kisimani peke yake, hana bunduki, hana kisu, ana kibuyu cha maziwa. Wakamchukua. Tangu siku hiyo hakushtakiwa kwa lolote wala kuachiliwa, na kila mama yake alipofika kwenye lango la kambi ya askari aliambiwa arudi kwake.

Hakimu Kang'ethe aliposikia habari hiyo alikiinua kitabu changu chenye viraka akakifungua kifungu cha kumi na tisa. Naye nitamwelezea: mtu mfupi, mwenye miwani, mlokole asiyekunywa hata chai iliyokolea, ambaye alikuwa ameombwa mara tatu na wakubwa asiwasumbue watu wa kambi na mara tatu akajibu kwa barua ya heshima kwamba ataendelea kuwasumbua. Kifungu kilisema mtu akizuiwa kwa usalama wa nchi siku ishirini na nane zikapita bila mashtaka, hakimu anaweza kuagiza aletwe mbele yake, na asipoonyeshwa sababu, amwachie. Hilo lilikuwa tundu dogo mno katika ukuta mkubwa, lakini mtu angeweza kupita.

Kazi ikawa kuthibitisha hizo siku. Kambi ilijibu kwamba daftari la mahabusu limepelekwa Nairobi kukaguliwa. Hakimu akamuuliza Ebla mwanawe alichukuliwa tarehe gani. Ebla hakuwa na tarehe. Alisema ngamia wa kaka yake wamekunywa maji mara tano tangu Awil achukuliwe, na mara ya kwanza ilikuwa kesho yake. Ofisa wa kambi, aliyekuwa ameketi mbele akipepea uso kwa kofia, akacheka. Yarrow hakucheka. Alimweleza hakimu, kwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima, kwamba visima vile vina zamu, kila ukoo na siku yake, na sasa askari wenyewe ndio waliosimamia zamu hizo kwa ratiba, kila baada ya siku nane, kwa hiyo hata mtu akitaka kudanganya hawezi. Hakimu akahesabu kwa penseli. Kutoka kunywa kwa kwanza hadi kwa tano ni siku thelathini na mbili, na siku moja kabla yake. Siku thelathini na tatu, kwa uchache. Akamuuliza ofisa kama ana hesabu nyingine. Ofisa hakuwa nayo.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Hakimu akaagiza Awil aletwe Jumatatu saa tatu, na kama hakuna mashtaka atamwachia papo hapo. Ebla alitafsiriwa maneno hayo. Aliweka mkono wake juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu, akauacha pale kidogo kama mtu anayejishikilia asianguke. Nilifurahi siku ile, sitaficha. Nilijiona nami nina sehemu yangu katika haki ya nchi.

Jumamosi msafara ukaingia. Barabara ilikuwa imetegwa mabomu wiki iliyotangulia, kwa hiyo bahasha ilikuwa imechelewa, na ilikuwa nene. Ilikuwa siku ya nusu kazi. Hakimu alikuwa ameshakwenda kwake. Yarrow alinishauri niiache hadi Jumatatu alasiri, tukapate kivuli. Nikamwambia hivyo ndivyo karani aliyepita alivyofukuzwa. Nikakoroga unga wangu, nikabandika vipande kumi na saba.

Watu wamewahi kuniuliza, hukuvisoma? Ninawajibu, fundi viatu husoma kiatu? Nilitazama namba ya kifungu, neno la kwanza na neno la mwisho, nikapima kingo, nikapaka, nikabandika, nikalainisha kwa upande wa kiganja, nikatia herufi zangu. Kufikia saa nane nilikuwa nimemaliza. Nikanawa mikono, nikaenda kula.

Jumatatu walimleta Awil. Alikuwa pekupeku, amevimba mdomo, shati si lake. Mama yake alipomwona alisimama, kisha akakumbuka alipo, akaketi tena. Walikuwa mbali kama hatua sita. Walitazamana tu, na yule kijana akatikisa kichwa kidogo kumwambia mamaye kwamba ni mzima. Ofisa wa kambi hakuja na karatasi yoyote. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba hana mashtaka, kwamba kambini midomo ya kulishwa imezidi, na kama mahakama inamtaka mtu huyu basi imchukue. Akampa askari ishara. Askari akamfungua Awil pingu mkono mmoja.

Naomba hilo lieleweke. Pingu ilikuwa imeshafunguka upande mmoja. Mle ndani hakuna mtu hata mmoja aliyejua kwamba sheria imebadilika: si hakimu, si ofisa, si mimi. Aliyejua alikuwa ni kitabu tu.

Hakimu alikuwa na desturi ya kunakili maneno ya kifungu katika hukumu neno kwa neno. Akafungua ukurasa. Kalamu ikashuka, kisha ikasimama. Alisoma mara ya kwanza, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akaniuliza kwa upole kipande kile nilikibandika lini. Nikamjibu Jumamosi. Akaniuliza kama nilikisoma. Nikasema la. Akasema mahakama inapumzika dakika kumi, akachukua kitabu, akaniita chumbani kwake.

Kifungu kipya kilikuwa kifupi kuliko cha zamani. Kilisema kwamba muda wa kumzuia mtu ni kadiri waziri atakavyoona inafaa, kwamba mahali anapozuiwa ni siri, na kwamba hakuna mahakama itakayouliza habari zake kwa njia yoyote. Kilianza kutumika siku kilipochapishwa, Jumatano iliyopita. Tundu letu lilikuwa limezibwa, na aliyeliziba kwa mkono wake ni mimi.

Nilimsihi. Sikuwahi kumsihi mkubwa wa kazi maishani mwangu, kwa maana nina kiburi, lakini siku ile nilimsihi. Nikamwambia bahasha ingeweza kuchelewa. Nikamwambia msafara ungeweza kukanyaga bomu. Ofisa mwenyewe hajui, kijana ameshafunguliwa mkono mmoja, mama yuko pale, tia sahihi waende, na mimi nitasema nilibandika leo jioni.

"Ijumaa ningetia sahihi bila kujua, lingekuwa kosa," akasema hakimu. "Kosa la hakimu husahihishwa na mahakama ya juu, na mtu akiwa ameshafika kwao. Leo nimeshasoma. Nikitia sahihi sasa si kosa tena, Munyao. Ni uongo, na wao watamfuata na kumchukua, na safari hii hawatamleta kwangu."

"Basi Bunge lina haki ya kusema usiulize?"

Alisema Bunge limechaguliwa na watu na yeye hakuchaguliwa na mtu; alisema ameapa kufuata sheria, si kufuata sheria anazozipenda. Alisema maneno hayo akitazama meza, kama mtoto anayekariri somo mbele ya mwalimu asiyempenda. Kisha akasema kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kuona sheria inayomwambia hakimu afumbe macho, na kwamba hajui afanye nini. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Siku ile fahali hawakupigana hata kidogo. Mmoja alimwona mwenzake kwa mbali akalala chini, na nyasi zikaumia vile vile.

Nikasema ninaweza kukibandua. Mezani kulikuwa na glasi yake ya maji. Hakimu akanitazama, akaitazama glasi, kisha akageuza uso wake dirishani na kuuacha huko. Mpaka leo naamini kwamba kugeuka kule kulikuwa ruhusa. Nilichovya leso, nikailoweka ile pembe yenye herufi zangu, nikaanza kuinua kwa ukucha. Lakini jua la Garissa hukausha gundi ya unga ikawa saruji, na mimi nilikuwa nimeipaka vizuri, hadi kwenye kingo, kama ninavyofanya siku zote. Kipande kikainuka kidogo kidogo, na chini yake kifungu cha zamani kikang'oka pamoja nacho. Zile siku ishirini na nane zilitoka zimegandamana na mgongo wa kile kipya, pakabaki tobo katikati ya ukurasa, na kupitia kwenye tobo nikaona kifungu cha ishirini na moja, habari za leseni za baruti. Nikalia. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, na nilisimama nimeshika kikaratasi chenye maji nikalia.

Hakimu akageuka. Akasema tu kwamba hata kingetoka salama, yeye alikuwa ameshakisoma.

Tukarudi. Alisoma uamuzi wake akiwa amesimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema mahakama hii isingeona sababu yoyote ya kumzuia kijana huyu, na kwamba mahakama hii haina tena uwezo wa kusema hivyo. Ofisa wa kambi alishangaa kuliko sisi sote. Ilimchukua muda kuelewa kwamba ameshinda. Kisha akamwashiria askari, na pingu ikafungwa tena.

Ebla hakuelewa. Alikuwa ameona mkono wa mwanawe ukifunguliwa, sasa anauona ukifungwa, na hakuna mtu aliyekuja wala kuondoka. Akamwuliza Yarrow ni nani aliyemshinda hakimu. Yarrow akajaribu. Sikijui Kisomali vizuri, lakini nilisikia anavyohangaika kulitafuta neno la Bunge, na mwishowe akamwambia ni nyumba iliyoko Nairobi ambako kila upande wa nchi huwatuma watu wao wakaseme kwa niaba yao. Mama akafikiri. Akauliza jambo moja, na Yarrow hakulitafsiri hadi hakimu alipomwamuru.

"Anauliza," akasema Yarrow, "sisi tulimtuma nani. Siku ile ya kutuma watu sisi tulikataa kubiga kura, mheshimiwa, fijiji yote. Tulisema nyumba ile si yetu. Sasa nimwambie nini huyu mama?"

Awil alitolewa nje kwa mlango wa nyuma. Alipita karibu na mama yake, akasema neno moja, "Hooyo," ambalo ni mama, nalo hata mimi nalijua. Ebla alinyoosha mkono akashika shati lile lisilo lake, na askari akamwondoa vidole kimoja kimoja, bila ukali. Lori lilikuwa likinguruma kabla hatujafika uani.

Kwa ule ukurasa nilioutoboa niliandika barua ya maelezo nikasema ni mchwa. Hakimu akaipitisha. Mwezi wa tisa akahamishwa, na wa baada yake hakuwa mtu wa kufungua vitabu.

Siku mbili baada ya lile lori kuondoka, dereva mmoja wa serikali, Mkamba mwenzangu, alinidokezea kwamba mahabusu wa Garissa wamepelekwa gereza moja la kwetu, mwendo wa asubuhi moja kutoka nyumbani kwangu. Ilikuwa siri, na kuitamka ilikuwa kosa kwa kifungu nilichokibandika mwenyewe. Nikamwambia Yarrow, naye akamwambia Ebla. Mama akataka kuondoka saa ile ile kwa miguu. Alifika kizuizi cha askari pale mtoni akarudishwa, kwa sababu hana kibali, na kibali hutolewa na walewale waliomchukua mwanawe. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu walimrudisha na jeraha la kitako cha bunduki begani.

Basi nikamwandikia Loise. Nikamwambia aende pale gerezani na uji na blanketi, amtafute kijana wa Kisomali anayeitwa Awil, amwambie mama yake yu hai na anamtafuta. Nikamweleza Ebla kwamba mke wangu atakwenda, na tangu siku hiyo akawa anakuja kila Jumatatu. Alihamia kwa jamaa zake pale mjini, akauza maziwa, na kila Jumatatu saa tatu aliketi nje ya mlango wangu. Hakuja tena kwa mahakama. Alikuja kwangu mimi.

Barua ya Loise ilifika baada ya wiki saba. Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza walimwambia hakuna mtu wa jina hilo. Mara ya pili walimwambia alikuwepo, ameondolewa. Mara ya tatu bwana jela alimchukua pembeni akamwambia, mama, wewe ni mke wa mtu wa serikali, usirudi kuuliza hapa, na uji ule wanywe watoto wako. Aliandika pia jambo ambalo mlinzi mmoja alimnong'oneza langoni, kwamba miongoni mwa wale wa Garissa kuna waliokufa kwa kuhara, na kwamba wamezikwa bila kuandikwa majina. Loise hakujua kama Awil alikuwa mmoja wao. Mimi pia sijui. Hakuna mahakama itakayouliza.

Jumatatu ile Yarrow hakuwepo, alikuwa na homa. Ebla alikuwa ameketi mahali pake. Alikuwa amekonda hata mifupa ya mikono ikahesabika. Niliposimama mlangoni na barua mfukoni, niliona uso wake ukiinuka, nikashindwa. Nikamwambia kwa Kiswahili chepesi kwamba mke wangu ameandika. Amekwenda, amemwona Awil. Ni mzima, anakula, anasali, anamsalimu mama yake. Mimi, niliyeshindwa kusema uongo Jumatatu ile hakimu aliponiuliza, ulipokuwa na faida, niliusema siku hiyo ambapo haukuwa na faida kwa mtu.

Ebla alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, polepole, akitafuta kila neno.

"Karani. Bibi yako naona mkono yake? Ile ya kushoto, nafunjika zamani, ngamia nabiga yeye."

"Ameuona, mama," nikasema. "Umepona. Unafanya kazi vizuri."

Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei.

"Mkono ya Awil hakuna funjika," akasema. "Hata siku moja."

Hakupandisha sauti. Akajishika kwenye nguzo ya mlango akainuka, akajifunga shuka, akaniaga kwa amani kama watu wa kwao wanavyoagana, akaelekea upande wa soko.